Ghala Lililoitwa Nyumba ya Kuku

Mwalimu Bartholomew Nzioka alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko mengine yote, na kila mwaka watoto wa darasa la tano walilingojea kwa hamu. Lilikuwa somo la watu wa barafu. Kitabu kiliwaita Waeskimo. Yeye alikuwa amesoma mahali kwamba wengi wao hujiita Wainuiti, na jambo hilo alilitaja mwanzo kabisa, akitembea mbele ya darasa mikono nyuma, ili ijulikane kwamba hakusoma kitabu kimoja tu.

Kisha alichukua chaki. Alichora ardhi iliyoganda mwaka mzima, akachora shimo ndani yake, akapanga humo nyama ya nyangumi na ya sili, akafunika kwa mawe mazito ili dubu asifukue. Pembeni alichora samaki waliopasuliwa na kuanikwa kwenye fito ili upepo uwakaushe. Akachora mfuko wa ngozi ya sili uliojaa mafuta, na ndani ya mafuta hayo matunda ya porini yanayokaa miezi na miezi bila kuoza. Mwisho alichora kibanda kidogo kilichosimama juu ya nguzo ndefu, kwa sababu kule kwenye misitu ya kaskazini kuna watu wanaoweka chakula chao juu ili wanyama wasikifikie.

"Hawa watu hawakuwa na friji," alisema, akigonga ubao mpaka vumbi la chaki likamwangukia kwenye koti. "Hawakuenda chuo chochote. Lakini ni wanasayansi! Mnasikia? Wanasayansi!"

Shule yenyewe iko juu kidogo ya mji mdogo wa Kyumbi, upande ambao mawingu hukusanyika, yakanguruma, yakaenda zake. Wengi wa watoto hao walikuwa wamekunywa uji mwepesi asubuhi, na habari za shimo lililojaa nyama ziliwaingia vizuri sana.

Mwanzoni mwa mwaka 2004, katika darasa hilo alikuwamo binti yake mwenyewe, Nzilani, wa miaka kumi na mmoja. Siku ya somo la watu wa barafu Nzilani aliinua mkono.

"Mwalimu, hiyo ya mwisho ni kama ile ya Susu."

Susu ni nyanya kwa Kikamba, na nyanya aliyemtaja ni Syokau, mama yake Mwalimu. Darasa zima lilicheka, maana ghala la Syokau lilijulikana. Mwalimu alihisi masikio yakimchemka.

"Hapana, Nzilani. Hiyo ni tofauti kabisa. Kaa chini."

Tofauti gani? Angeulizwa hapo hapo angetapatapa. Ghala la Syokau lilikuwa kibanda cha mviringo kilichosukwa kwa fito, kikasimamishwa juu ya nguzo nne, kikafunikwa paa la nyasi ambalo halikufungwa kwa misumari. Ukitaka kuchota chakula unaliinua paa hilo kwa mti, kama mtu anavyoinua kofia kusalimia. Hapakuwa na barafu, basi. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Na kazi iliyokuwa ndani yake haikuwa ndogo. Mahindi ya Syokau yalikaa shambani mpaka maganda yakawa yanapiga kelele upepo ukipita. Kisha yalilala juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, siku nyingi, yakigeuzwa. Hata hapo hayakuingia ghalani bila kupita kwenye meno yake. Alichukua punje, akaiweka kwenye jino la upande, akauma. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, inarudi kwenye mwamba. Kunde na mbaazi zilichanganywa na jivu, zikatiwa kwenye vibuyu, na midomo ya vibuyu ikazibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokandwa na jivu hilo hilo. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya meko yakila moshi. Mwaka ambao mbuzi alichinjwa, nyama ilikaangwa ikakauka, ikazamishwa kwenye mafuta yake ndani ya kibuyu, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado nyama.

Sheria ilikuwa moja tu: ghala linafunguliwa na Syokau peke yake. Hata marehemu mumewe hakuwahi kuinua lile paa. Mkono mmoja ukichota, mkono huo unajua kilichobaki na unajua mvua iko mbali kiasi gani.

Bartholomew alilelewa na ghala hilo, na alilionea aibu tangu utotoni. Shuleni wenzake walimwambia ananuka moshi. Alipotoka chuo cha ualimu akarudi na viatu vya ngozi, alianza kuwapitisha wageni njia ya mbele ili wasifike nyuma. Mwaka 1998 alipandishwa cheo, akawaalika walimu wenzake nyumbani, na njia ya mbele ilikuwa imejaa matope. Ikabidi wapite nyuma. Mwalimu Makau, anayefundisha hesabu na anayependa mzaha, alisimama mbele ya ghala akashika kiuno.

"Na hii ni nini, bwana? Nyumba ya kuku?"

Bartholomew angeweza kusema ukweli kwa maneno mawili. Badala yake alicheka, kicheko cha juu juu kisicho chake.

"Eeh, ni ya kuku tu."

Syokau alikuwa ametoka jikoni na sahani mkononi, hatua tano kutoka hapo. Alisikia. Mwanawe alimwona akisikia. Mama huyo alipita katikati yao, akawaambia wageni karibuni ndani, akawapakulia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, yaliyopikwa na mbaazi. Makau alikula sahani mbili, akauliza mbaazi tamu namna hii zilitoka wapi, maana soko zima lilikuwa na zilizotobolewa na wadudu. Bartholomew aliinama akatafuna. Aibu ya siku hiyo aliimeza pamoja na chakula, akadhani imekwisha.

Sasa turudi mwaka ule wa 2004. Jioni ya siku ya somo, Nzilani alikwenda jikoni kwa nyanya yake akamsimulia yote: shimo, mawe, mfuko wa mafuta, kibanda cha juu. Syokau aliacha kupepeta. Alitaka kujua shimo linachimbwa kabla ya windo au baadaye, na nyama inapangwa vipi. Kisha akauliza swali lililomshinda mtoto: "Na nani anafungua hiyo shimo?"

Nzilani alikwenda kumuuliza baba yake, aliyekuwa anasahihisha madaftari.

"Kitabu hakisemi," alijibu Bartholomew.

Mtoto akarudi na jibu. Syokau alitikisa kichwa. "Basi hiyo kitabu iliandikwa na mtu hajawahi kulala njaa. Lakini hao watu ni watu kama sisi."

Nzilani, kwa furaha, alirudi kumwambia baba yake na hilo. Bartholomew alisema mwambie Susu sisi hatuna barafu.

Alikuwa na sababu ya kukasirika ghala lilipotajwa siku hizo. Mwaka uliopita alikuwa amejenga stoo. Kuta za mawe ya Lukenya, sakafu ya saruji, mabati juu, dirisha dogo, mlango wa chuma na kufuli, na ufunguo wa kufuli hiyo ulikaa mfukoni mwake. Wiki chache baada ya somo lile, mavuno yalipokaribia, habari zikaenea kwamba wezi wanavuna mashamba ya watu. Majirani wakaanza kuvuna mapema, mahindi yakiwa bado mazito, wakayaficha ndani. Bartholomew naye akavuna, wiki tatu kabla ya siku ambayo mama yake angekubali. Hakuyapeleka kwenye mwamba. Alinyunyizia dawa ya unga dhidi ya wadudu, akayashindilia kwenye magunia ya nailoni, akayapanga juu ya saruji.

Syokau alikuja mpaka mlangoni mwa stoo. Alitoa punje moja kwenye gunia, akauma.

"Nzioka, hii bado iko na maji."

"Mwaitu, mama, nimeweka dawa."

"Dawa inaua mdudu. Haikaushi mahindi."

"Hii ni stoo ya kisasa, mama. Haitaki mambo ya jino."

Wasaidizi wawili wa kuvuna walikuwa wanasikiliza, na mmoja alicheka. Hilo lilimtia Bartholomew moto kichwani. Siku ile ile aliwaambia wabomoe ghala, maana nguzo zake zingefaa kuni na mahali pale pangefaa tangi la maji. Syokau alisimama kando akiangalia fito zikivunjwa. Alichoomba ni vibuyu vyake tu. Alivibeba mwenyewe kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda chake, na wala hakumtaka mtu amsaidie.

Mwezi wa tatu, kabla shule hazijafungwa, wazazi waliombwa mahindi ya chakula cha mchana cha muhula unaofuata. Wengi walileta debe. Mwalimu alileta gunia zima, akalishusha mbele ya watu.

Mwezi wa nne alifungua gunia lingine nyumbani akakuta punje za chini zimeshikana, zina vumbi la kijani, zinanuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa na maji. Tuseme wazi: aliona. Hakuwa mjinga. Lakini kuyatupa kulimaanisha kuyabeba mchana kupita mbele ya mlango wa mama yake, na mama angeinua macho aone. Basi aliyaosha, akayaanika juu ya mabati ambako hakuna mtu angeyaona, akampa mkewe Munyiva apeleke kinuni. Munyiva aliuliza mbona yana rangi. Akaambiwa ni ile dawa.

Syokau alikula kunde zake jikoni kwake, akisema ugali unamlemea tumbo siku hizi. Bartholomew na Munyiva walikula kidogo, wakaumwa matumbo wakanyamaza. Nzilani alipenda ugali. Wiki ya mwisho ya likizo alianza kutapika, miguu ikavimba, na asubuhi moja mama yake alimgeuza kwenye mwanga akaona macho yake ni manjano.

Hospitalini mjini kulikuwa na wengine kama yeye. Redio ilikuwa imeanza kutangaza sumu ya ukungu kwenye mahindi, na watu walikuwa wanakufa, Makueni, Kitui, na huku kwetu pia. Daktari kijana alimpima Nzilani, akamgeukia baba yake na kalamu mkononi.

"Haya mahindi mlihifadhi wapi?"

Chumba kilikuwa na watu. Kulikuwa na mzazi mmoja wa shuleni kitanda cha pili, aliyekuwa ameshamwamkia: shikamoo Mwalimu. Syokau alikuwa amekaa miguuni pa mjukuu wake, ameshika kisigino chake kilichovimba.

"Ni ghala ya mama," alisema Bartholomew. "Ile ya kienyeji. Unajua hawa wazee."

Maneno yalitoka upesi, yakiwa yamepangwa vizuri, kama yaliyokuwa yakingoja nyuma ya meno. Alipoyasikia alitamani sakafu ipasuke. Alimtazama mama yake akijua kwamba sasa atasema, na akatamani aseme.

"Ndiyo, daktari," alisema Syokau. "Ni ghala yangu."

Muuguzi alimfundisha Syokau. Alimfundisha kwa upole na kwa sauti ya kusikika, kama wanavyosemeshwa wazee: kwamba zamani imepita, kwamba mahindi yanataka kukauka kabisa, kwamba yanataka kuinuliwa juu ya ardhi na kupitishwa hewa. Syokau aliitikia kila neno. Eeh. Eeh, nimesikia, mama. Wenye wagonjwa waligeuka kumwangalia ajuza aliyemlisha mjukuu wake sumu. Na mwanawe, Mwalimu, mwenye cheo, alisimama hapo akiangalia karatasi ya ukutani asisome hata herufi moja.

Nje, kwenye benchi, Syokau alizungumza bila kumwangalia.

"Hata ukiwa mdogo, ukiogopa ulikuwa unadanganya haraka hivyo. Leo nimekubebea, juu mtoto ni mgonjwa na hapo si mahali pa kuaibishana. Sitabeba tena." Kisha akamgeukia. "Na ile gunia ya shule?"

Bartholomew alikuwa amelisahau gunia la shule. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumatatu shule inafunguliwa. Alipanga jambo la kimya: atakwenda wakati watu wako kanisani, atalitoa gunia lake peke yake, atalichoma, na hakuna atakayejua. Alifika na baiskeli na kamba. Mpishi, mama mmoja wa hapo jirani, alikuwa anafagia jiko.

"Gunia yangu iko wapi?"

"Gunia gani, Mwalimu? Panya walikuwa wanatoboa. Nilimwaga yote pamoja."

Alimwonyesha. Sakafuni kulikuwa na rundo moja kubwa, mahindi ya familia themanini yamechanganyika na yake. Bartholomew alipiga magoti akachota kwa mikono miwili. Punje safi, punje yenye kijani, punje safi. Mtu gani angeyachagua? Kuyaacha ni kuwalisha watoto mia tatu. Kuyaondoa ni kusema kwa nini, na kusema kwa nini mwaka ambao hakuna nyumba iliyobaki na debe la kutoa tena. Alikaa pale kwenye vumbi la mahindi akalia, mtu mzima, mpaka mpishi akatoka nje kumpa nafasi.

Jumatatu, gwaride la asubuhi, wazazi wengi wakiwa wamesindikiza watoto, alimwomba mwalimu mkuu ruhusa. Alisimama mahali pale pale anaposimama kila wiki kuwakemea wanaochelewa.

"Mahindi ya chakula yote yatatupwa," alisema. "Yangu ilikuwa na ukungu na iko ndani ya yenu. Nyumbani niliona ukungu, nikaosha, nikalisha mtoto wangu. Ghala ya mama haikuharibu kitu. Niliibomoa. Hiyo mahindi iliozea kwa stoo yangu."

Hakuna aliyempigia makofi, na asingestahili. Mama mmoja alianza kulia kwa ajili ya debe lake, la mwisho nyumbani kwake. Mzee mmoja alitema mate chini akaondoka. Mwalimu Makau alikuwa akiangalia viatu vyake. Lile rundo lilizikwa nyuma ya shule, na muhula ule watoto walikaa na njaa mpaka saa tisa. Bartholomew aliwafundisha kila siku, akijua njaa ile imetoka wapi. Mchana wa Jumatatu ile alirudi hospitalini, akamwambia daktari na muuguzi ukweli mbele ya vitanda vyote, mbele ya mama yake. Muuguzi alitaka kumwomba Syokau msamaha. Syokau alimwambia si neno, alichosema kuhusu hewa kilikuwa kweli kabisa.

Nzilani alipona polepole. Alirudi nyumbani mwezi wa saba, mwembamba, hapendi tena kuona ugali. Mvua za mwezi wa kumi zilipokaribia na majirani hawana mbegu, Syokau alizibua vibuyu vya chini ya kitanda akawagawia kunde na mbaazi kwa viganja, akianza na yule mama wa debe la mwisho. Ndipo alipomwambia mwanawe akate nguzo za ghala jipya.

Alikata. Mama yake akamrudisha: mti huo unaliwa na mchwa. Akakata nyingine, akarudishwa tena. Alijua mawe ya kufunika shimo la barafu yanapangwa vipi, lakini hakujua hata mti wa kusimamishia ghala lililomlisha miaka yote. Nzilani ndiye aliyemwonyesha mti.

Mwaka uliofuata, somo la watu wa barafu lilipofika, Bartholomew alichora ubaoni yote kama kawaida, kisha akalitoa darasa la tano nje, akalipeleka kwa miguu mpaka nyumbani kwake. Njiani aliwapitisha nyuma. Syokau alikuwa anawangoja kando ya ghala jipya, mti wa kuinulia paa mkononi.

Kulikuwa na msichana mmoja mdadisi, Wanza, binti wa Mwalimu Makau. Alilizunguka ghala, akachungulia chini ya nguzo.

"Mwalimu, lakini baba alisema hii ni nyumba ya kuku. Anasema ni wewe ulimwambia. Kuku ziko wapi?"

Watoto walicheka. Bartholomew alimgeukia mama yake, kama alivyomgeukia hospitalini. Syokau alimtazama tu. Alikuwa ameegemea ule mti, na hakuonyesha haraka yoyote.

"Hakuna kuku," alisema Bartholomew. "Hakujawahi kuwa na kuku hapa. Hii ni ghala ya mama yangu, na mimi nimekula ndani yake tangu nizaliwe. Nilimwambia baba yako hivyo juu nilikuwa naona aibu na mama yangu. Na yeye alikuwa amesimama hapo, pale uko wewe, akanisikia."

Wanza alisogea haraka kutoka mahali pale. Syokau alipachika mti wake chini ya paa la nyasi, akaliinua kidogo, na harufu ya jivu na moshi ikashuka juu yao wote.

"Mje mmoja mmoja," alisema. "Hakuna kugusa. Mtaona tu."

Watoto wakapanga mstari. Bartholomew alibaki pembeni, mikono nyuma, hajui asimame wapi.

"Na wewe, Nzioka," alisema mama yake. "Ingia laini. Wewe pia hujawahi kuona ndani."

Mwalimu akaenda akasimama mwisho wa mstari, nyuma ya Wanza.